Somo Mwenye Ndevu

Mjinga wa siku ile alikuwa Luqman. Nalisema mapema, msomaji wangu, usije ukapoteza wakati kumtafutia mwenzake.

Juma lililopita tulimwacha amejibana nyuma ya mlango wa chumba chake, pale Timbwani, kijisanduku cha udi kakipakata kama mtoto mwenye homa. Mlango wa mbele ulikuwa ukigongwa kwa ngumi. Na huko nje, kwa mgongaji, ilisikika sauti ya shangazi yake, Bi Mwanatabu, ikieleza namna ya kufukiza nguo.

Ajabu ni kwamba Bi Mwanatabu mwenyewe alikuwa jikoni, anakaanga.

"Hodi gani hiyo? Yarabi, mlango utang'oka! Luqman! Hebu tazama nani!"

Luqman hakutazama. Aliijua sauti ile inatoka wapi. Ilikuwa inatoka ndani ya simu, na aliyeitia simuni ni yeye.

Wewe uliyeingia leo, keti hapa nikudokeze upesi, maana mgongaji hana subira.

Luqman alipoachishwa ukarani kwenye yadi ya makontena huko Changamwe, alibaki na simu mbili, vijisenti vya kununulia mzigo mmoja mdogo, na shangazi aliyemlea tangu hajaota meno ya pili. Kukodi duka hakuweza. Akafungua la mtandaoni: udi, halud ya kujipaka na marashi. Akaliita Luqman Manukato. Mwezi mzima akapata wateja watatu, na wawili kati yao walikuwa Clifford.

Clifford ni rafikiye, mtu wa bara, ana bodaboda, ndiye mpeleka mizigo. Ndiye pia aliyemfumbua macho.

"Buda, wanaume hawanunui udi. Wanunuzi ni wamama. Na hakuna mama atakuuliza wewe mambo ya chumbani na hizo ndevu zako."

Basi Luqman akazinyoa ndevu, lakini mtandaoni tu. Picha yake akaitoa, akaweka chetezo kinachofuka moshi. Jina akabadilisha. Duka likawa Somo wa Timbwani.

Wallahi, jina lile liliuza! Maana sisi wa huku twamjua somo ni nani. Ndiye anayemfunda mwari kabla ya harusi, anayemsinga na kumwambia yasiyosemwa sebuleni, na analolisikia mle chumbani huzikwa nalo. Bi Mwanatabu ni somo wa kweli. Amefunda nusu ya wake wa Likoni, na hakuna aliyewahi kumsikia akisimulia habari za hata mmoja.

Wanawake wakaanza kumwandikia "Somo" maswali. Luqman majibu hana. Akawa anachota mawili matatu kwa shangazi yake wakati wa chai, kijanja. Hayakutosha.

Alhamisi iliyopita Bi Mwanatabu alimleta mwari wake nyumbani, kwa kuwa kwa kina mwari kumejaa wageni wa Lamu, hapana pembe ya kusemea mawili. Luqman akaiacha simu yake ya pili dirishani, nyuma ya pazia. Inachaji, akasema.

Ilikuwa inarekodi.

Sasa sikia ujinga wenyewe. Alipokaa aisikilize, aliona haya. Mambo ya kufundwa, naye mwanamume mzima na kidevu chake! Akasikiliza mwanzoni tu, penye habari za udi. Akaona panafaa. Akakata dakika tano kwa kukisia, akazirusha mtandaoni bila kuzisikia hadi mwisho.

Kusikiliza aliona haya. Kuuza hakuona.

Haya, turudi mlangoni. Bi Mwanatabu kachoka kungoja, kafungua mwenyewe, mwiko mkononi.

"Ala! Bi Mwanasaumu! Karibu ndani. Kheri?"

"Kheri itoke wapi? Sikiliza!"

Bi Mwanasaumu ni jirani wa nyumba ya pili, mama wa mwari. Hakuketi. Aliinyanyua simu kama mtu anayeonyesha panya aliyemkuta kwenye unga.

Sauti ya Bi Mwanatabu ikatoka, tulivu, tamu: "...udi hautiwi kwenye moto wa ndimi, mwanangu. Ngoja makaa yavae jivu. Nguo itandaze juu ya tenga, ipate moshi, isipate moto..."

Kisha kimya kidogo. Kisha sauti nyingine, changa, yenye kilio ndani yake:

"Somo, mimi simtaki huyu mtu. Naolewa kwa ajili ya babangu tu."

Nyuma ya mlango wake, Luqman alibandika sikio kwenye ubao. Hiyo dakika ya tano ndiyo kwanza anaisikia. Na sauti aliijua bila kuambiwa. Ilikuwa ya Jalila, anayeolewa Ijumaa hii.

"Huyu wa kwanza si wewe?" aliuliza Bi Mwanasaumu.

"Ni mimi," alijibu Bi Mwanatabu, kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Na huyu wa pili?"

Bi Mwanatabu aliutazama mwiko wake.

"Watu elfu tatu wameisikia tangu asubuhi! Elfu tatu! Mamake Hashim, bwana harusi wetu, kanipigia simu sasa hivi. Amesema atapiga tena kabla ya alasiri, na ataka neno moja: mwanangu yuwamtaka mwanawe au hamtaki? Mimi nakupa mwanangu umfunde, Mwanatabu, wewe wamtia kwenye kifurushi na udi wamuuza?"

"Wallahi sijui simu hiyo imenipatia wapi. Mimi yangu ni mulika mwizi, hata picha haipigi."

"Na jina? Somo wa Timbwani! Masomo wangapi wako Timbwani?"

Hapo Bi Mwanatabu akashusha mwiko. Akafikiri. Na alilolisema likamchoma Luqman kuliko matusi yote ambayo angeweza kutukanwa.

"Ni mimi peke yangu. Basi labda... labda nilisema mbele ya mtu, Bi Mwanasaumu. Umri huu, mtu husahau. Labda nilisema nikasahau."

Mwanamke aliyefunga mdomo miaka thelathini alikuwa anaanza kuushuku mdomo wake mwenyewe.

"Nisamehe," akaendelea, sauti chini. "Nitukane utakavyo. Lakini usinitoe kwa mwari wangu."

Toka, Luqman! Wangoja nini? Mkono wake ulikuwa juu ya kitasa, hilo nitamshuhudia. Ila alikuwa hajakizungusha. Aliyafikiria mambo mengi kwa wakati mmoja: shangazi yake, Jalila, na wale wanawake mia na kitu waliomwandikia siri zao wakimwita Somo. Wakijua! Akaona heri avute pumzi moja zaidi. Kisha moja nyingine.

Alipokuwa kwenye ya tatu, honi ya pikipiki ikalia nje.

"Somo! Somo wa Timbwani! Toka nje, tumeomoka!"

Ni Clifford. Aliingia na kofia ya pikipiki kichwani, meno yote nje.

"Ile sauti imeshika moto! Oda zimejaa mpaka Nyali, mzigo unaisha leo leo! Somo uko wapi?" Kisha akawaona kina mama. "Oh. Shikamoo, Mama. Shikamoo, Mama."

Hakuna aliyesema marahaba.

"Wamwita nani Somo?" aliuliza Bi Mwanatabu.

"Si huyu Luqman wenu?"

Kitasa kikazunguka. Luqman akatoka, kijisanduku bado kifuani, na harufu ya udi ikamtangulia kumsaliti.

"Ni mimi, Shangazi. Uliyoyasema chumbani niliyarekodi mimi. Simu ilikuwa dirishani, haikuwa ikichaji. Wewe hukusahau kitu. Hukusema mbele ya mtu yeyote."

Yalimtoka yote kwa mkupuo. Aliposema ile "hukusahau kitu", ndipo machozi yalipomjia, nayo ni machozi ya mtu aliyechelewa.

Bi Mwanasaumu alifungua kinywa amshukie. Akakifunga. Akakifungua tena, na safari hii uso ulikuwa umebadilika.

"Ngoja. Somo wa Timbwani ni wewe? Anayejibu zile habari tunazoandika ni wewe?"

"Naam."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Mkono wa Bi Mwanasaumu ukapanda mdomoni.

"Mimi nimekuandikia."

"Sikujua ni wewe, Bi Mwanasaumu. Uliandika kwa jina la maua."

"Nimekuandikia mambo ya mume wangu! Kwamba akirudi nyumbani ni yeye na simu, simu na yeye! Na wewe ukanijibu, 'Usimnunie, mwanangu, mpikie kaimati'! Wewe, Luqman, niliyekufuta kamasi kwenye ngazi zangu, ukaniita mwanangu!"

"Na zilisaidia?" aliuliza Clifford, kwa nia njema kabisa.

"Nyamaza wewe!"

Bi Mwanasaumu akatazama pembeni.

"Zilisaidia," alisema kwa sauti ndogo.

Siku nyingine nyumba nzima ingecheka. Siku ile walimsikia Bi Mwanatabu akiondoka. Alikwenda jikoni, na kwa kuwa jikoni ni hapo hapo, wote walimwona.

Alizima gesi.

Jiko lile la gesi Luqman alimnunulia kwa faida ya kwanza ya Somo wa Timbwani, ili macho ya shangazi yapumzike na moshi wa makaa. Bi Mwanatabu aliliepua karai lake kwa vitambaa viwili, akalibeba hadi kwenye jiko la makaa lililowekwa ukutani likiwa baridi. Akainama. Akaanza kupanga makaa, moja moja.

"Shangazi..."

"Kila asubuhi nikiwasha jiko lile ulilonipa nalikuombea dua." Hakugeuka. "Nalimwambia Mungu, mwanangu huyu umzidishie. Mzidishie vivyo hivyo anavyopata."

Luqman alitamani apigwe. Shangazi yake hakuwahi kumpiga hata utotoni, na mtu wa namna hiyo ukimkosea huna pa kulipia.

"Nitalifunga duka," alisema. "Leo hii. Nitaandika kuwa mimi ni mwanamume na niliiba sauti yako. Nitamwomba radhi kila aliyeniandikia."

"Utaandika nini?" Bi Mwanasaumu aliruka. "Ukisema uliiba sauti chumbani mwa somo, si umethibitisha kuwa mwari ni mwanangu? Huo ukweli wako utazame baadaye! Alasiri yaja, na mamake Hashim yuko na simu mkononi. Sasa hivi utaandika hivi: kwamba yule msichana wa mwisho ni muigizaji. Ulimlipa aigize, udi upate kununuliwa. Basi."

"Florence anaweza," alidakia Clifford. Florence ni mchumba wake, msusi wa pale karibu na feri. "Namwambia tu aseme ni yeye. Atakubali."

"Florence ni Mkamba," alisema Luqman.

"Sasa?"

"Huyu wa kwenye simu alisema maneno kumi na moja tu, na yote kwa lafudhi ya Timbwani."

"Watu hawasikilizi hivyo, bro. Wanascroll."

"Andika!" alisema Bi Mwanasaumu. "Hilo ndilo deni lako kwangu. Umeivunja nyumba yangu, itengeneze."

Na hapa, msomaji, usimcheke Luqman sana. Mtu mwenye hatia hukubali adhabu yoyote atakayopewa, hata isiyo yake, alimradi imtoe mahali aliposimama. Aliitoa simu. Akaanza kuandika. Alijiona anatubu. Wallahi, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alihisi kifua kinampungua uzito.

"Uongo wa kufunikia wizi," alisema Bi Mwanatabu kutoka penye makaa. "Ndiyo toba hiyo?"

"Wewe ndiye usiseme!" Bi Mwanasaumu alimgeukia. "Wewe ulijua! Alikwambia kwa kinywa chake hamtaki, nawe ukanijia jioni ile ile, ukala halua yangu, ukaniambia mwari yuwaendelea vizuri!"

Bi Mwanatabu aliacha kupuliza moto. Jivu lilikuwa limemtapakaa kwenye kope.

"Nilijua. Alilala mapajani mwangu akalia mpaka leso ikarowa. Nikamwambia atazoea. Ndivyo nilivyoambiwa mimi, na ndivyo ninavyowaambia wote." Alijifuta kope. "Yale mengine yote niliyomfunda ni kweli. Hilo moja silijui kama ni kweli."

"Lakini hukuniambia mimi, mamake!"

"Siri ya mwari haiendi kwa mama. Hata wewe nilipokufunda, Mwanasaumu, mamako hakupata hata neno."

Bi Mwanasaumu akampa kisogo. Akamfokea aliyekuwa karibu.

"Umemaliza kuandika?"

"Nimemaliza."

"Soma."

Luqman akasoma: "Wapenzi wateja, ile sauti ya binti mliyoisikia si ya mwari wa kweli. Ni muigizaji. Hakuna binti yeyote wa Timbwani aliyesema maneno yale."

"Vizuri. Tuma."

Kidole gumba kikaja juu ya kioo.

"Usitume."

Waligeuka wote. Mlangoni alikuwa amesimama Jalila.

Mwari hatoki nje. Mwari wa Ijumaa, Jumanne mchana jua la utosini, hatembei barabarani peke yake hata hatua moja. Jalila alikuwa ametoka na singo yake usoni, manjano imekaukia mashavuni na kupasuka pasuka pembeni mwa mdomo, buibui kalitupia juu juu, miguu haina viatu. Harufu ya liwa ikaingia ikapambana na ya udi.

"Wewe!" Bi Mwanasaumu alimkimbilia kumfunika. "Mwari wewe! Nani kakuona?"

"Wote, mama. Niliwasalimia."

"Rudi ndani! Haya ya watu wazima tunayamaliza sisi. Tunakutengenezea."

Jalila hakusogea. Alikuwa anamtazama Luqman, na Luqman alikuwa anautazama mlango, dari, makaa, kila kitu isipokuwa uso ule wa manjano. Walikua pamoja, kwao na kwao nyumba ya pili tu. Zamani walipovunja kioo cha dirisha la msikiti kwa mpira, Jalila ndiye aliyejisema, akachapwa peke yake. Luqman siku ile pia alikuwa nyuma ya mlango.

"Nisamehe, Jalila," alisema hatimaye. "Sikuisikia mpaka mwisho. Naapa. Ningeisikia nisingeirusha."

"Ungesikiliza ungeona haya."

"Ndiyo."

"Basi ungesikiliza."

Hilo lilimwingia mpaka ndani ya mifupa. Alikinyanyua kile kioo cha simu amwonyeshe, kama mtoto anayeonyesha kazi yake ya shule.

"Lakini tazama, nimeandika ya kukusafisha. Hakuna atakayejua ni wewe. Hii naifanya kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu?" Jalila aliinua nyusi, na singo ikapasuka kwenye paji la uso. "Na ule udi pia ulikuwa ukiuza kwa ajili yangu?"

Clifford akaivua kofia ya pikipiki taratibu.

Luqman alishusha simu. Herufi moja baada ya nyingine, akaanza kufuta aliyoyaandika. Bi Mwanasaumu aliona.

"Wafuta nini? Wewe kijana wafuta nini?"

"Nilimchukulia maneno yake mara moja, Bi Mwanasaumu. Sitayachukua tena."

"Na harusi? Na wageni wa Lamu walioko sebuleni kwangu? Na babake ambaye ameshatoa neno lake? Wafuta na hao?"

Hapo ndipo simu ya Bi Mwanasaumu ilipolia.

Aliitazama, akaishika kwa mikono miwili kama chungu cha moto. Hakuna haja ya kuwaambia ni nani aliyekuwa akipiga. Alasiri ilikuwa haijafika, lakini mama wa bwana harusi hana saa.

Ikalia. Ikalia.

Jalila akanyoosha mkono wake wa manjano.

"Nipe."

"Utamwambia nini?"

"Nipe, mama."

Bi Mwanasaumu aliificha simu kifuani, na ukali wote ukamwishia ghafla. Alibaki mama tu, mwenye wageni nyumbani na jina la kulinda. Machozi yalimshuka.

"Sema si wewe, mwanangu. Ni kusema tu. Neno moja, kisha yapite. Kwani nani atajua?"

Jalila aliufungua mkono wa mamake, kidole kwa kidole, akaitwaa simu ikiwa bado inalia.

"Watu elfu tatu wamenisikia, mama, na wote wameelewa. Mmebaki nyinyi."